Kila Kitu Kimehamia Jumatatu

Alhamisi, 5 Februari

Barua ya Alhamisi imetoka. Kurasa mbili, familia mia mbili na kumi na mbili. Chawa wamerudi darasa la sita – nimeandika "baadhi ya wanafunzi", maana nikitaja darasa simu hazitanyamaza. Siku ya kuja na pajama imesogezwa mbele. Glavu kumi na tisa hazina mwenyewe, kumi na tatu ni za mkono wa kushoto. Sijui watoto hawa wana mikono ya namna gani! Na chini kabisa, herufi nene: fomu za kurudi mwakani, mwisho kesho Ijumaa.

Hizo fomu zitaniua. Shule yetu ni ya umma, haina ada, lakini inaishi kwa mkataba na jiji, na mkataba unasema: mzazi asiporudisha fomu, nafasi ya mwanawe inaingia kwenye kura pamoja na watoto wa nje. Hata kama mtoto ameshasoma hapa miaka miwili. Na mkataba wenyewe unakwisha Juni, kwa hiyo Bwana Tolliver, mwalimu mkuu wetu, halali usingizi. Anatembea na nakala yake mfukoni kama rozari.

Zimebaki familia nne. Tatu nimezipigia simu. Ya nne ni akina Rai. Nimemwambia binti yao Prativa mwenyewe asubuhi, alipokuja ofisini kusoma matangazo: mkumbushe mama. Akasema mama ameshaijaza, iko juu ya friji, ataileta mwenyewe kesho akitoka zamu kiwandani. Mambo ya karatasi hamwachii mtu.

Huyu Prativa jamani! Alipoingia darasa la sita alikuwa haitiki hata jina lake likiitwa. Sasa yuko la saba, na kila asubuhi shule nzima inamsikia yeye kwenye kipaza sauti changu. Leo kasoma habari ya chawa bila kucheka. Aliyecheka ni mimi.

Ijumaa, 6 Februari

Theluji kutoka ziwani, hadi kwenye kidirisha cha mlango. Tolliver kanipigia saa kumi na moja alfajiri – tunafunga, rekodi ile simu ya kwenda kwa wazazi na wafanyakazi. Mimi na gauni la kulalia, miwani haijulikani ilipo. Karatasi ya maneno ya kusoma iko kwenye droo ofisini, lakini miaka kumi na moja nayasema, niyasome ya nini? Nikarekodi, nikatuma, nikarudi kulala. Mchana nimepika supu ya kabichi na soseji. Nimekula mbele ya televisheni, miguu juu. Raha tupu.

Jumatatu, 9 Februari

Siku mbaya. Niiandike taratibu.

Kura ilipigwa saa mbili asubuhi kwenye ukumbi wa michezo. Mipira ya ping-pong yenye namba, ndani ya ile ndoo ya bisi. Anayechota ni Stan Rusnak, fundi wetu wa boila, kwa sababu hana mtoto wala mjukuu hapa. Mjumbe wa bodi amekaa mbele anashuhudia. Mimi naandika.

Darasa la nane lilikuwa na nafasi moja tu. Orodha hujifunga yenyewe kwenye kompyuta Ijumaa saa sita usiku, nami niliichapa leo mbiombio bila kuitazama. Nikauliza moyoni, nafasi ya nani hii? Nikasogeza kidole hadi kwenye mstari mtupu. Rai, Prativa. Nikanyanyua mkono. Tolliver akanitikisia kichwa – watu wapo, subiri. Stan akachota. Thelathini na moja! Bibi mmoja akaruka kwenye kiti, akamkumbatia mjukuu wake wa kike, wote wanalia kwa furaha. Ningefanya nini? Niliandika thelathini na moja.

Saa tatu kasoro robo Devika akaingia ofisini, mama yake Prativa. Bado na sare ya kiwandani. Alipangusa theluji kwenye viatu mara mbili kabla ya kukanyaga ndani. Fomu kaitia kwenye mfuko wa mkate isilowe. "Dada Verna, nimeleta. Leo mimi wa kwanza, eeh?"

Nikamwambia mwisho ulikuwa Ijumaa. Akacheka, alidhani namtania. "Ijumaa si ulifunga wewe mwenyewe? Umesema kila kitu kimehamia Jumatatu. Nimekusikiliza mara mbili."

Hapana Devika, nikamwambia, nilisema shughuli za baada ya masomo. Mpira, kwaya, vitu hivyo. Wala sikubabaika, maana niliamini kabisa.

Akasema barua zangu zinamshinda kusoma, Kiingereza cha kwenye karatasi ni kingi mno. "Sauti yako ndiyo naielewa, dada. Unasema polepole." Akatoa simu, akaiweka mezani, akabonyeza. Nikajisikia mwenyewe, bado na usingizi kooni: shule imefungwa leo, kila kitu kilichopangwa kwa leo kimehamia Jumatatu, kaeni salama, kaeni na joto.

Stan alikuwa mlangoni anakausha maji ya theluji. Akasema kwa upole tu, "Ndivyo ulivyosema, Verna. Na mke wangu alisikia."

Jumanne, 10 Februari

Nimeongea na Tolliver mlango umefungwa. Anasema ujumbe ulihusu shughuli, fomu si shughuli. Na fomu ingeweza kutumwa kwa kompyuta hadi usiku wa manane, theluji haizuii kompyuta. Nikamwambia nilichosema ni "kila kitu". Akavua miwani, akajisugua macho.

"Verna. Tukitamka kwamba kura ilikuwa na kasoro, watu wa jiji watasema shule nzima ina kasoro. Juni wanatufunga. Watoto wote hawa uwapeleke wapi?"

Tolliver si mtu mbaya, hilo niliseme wazi. Majira haya ya baridi amewarudisha watoto wangapi nyumbani kwa gari lake mwenyewe! Anasema Prativa ni wa kwanza kwenye orodha ya kusubiri. Wa kwanza, ndiyo. Lakini nani huhama akibakiza mwaka mmoja? Hakuna. Prativa ataenda ile shule kubwa ya upande wa pili wa mji, basi mbili kwenda, watoto elfu moja na mia. Atanyamaza tena, namjua.

Jumatano, 11 Februari

Prativa kaja kusoma matangazo kama kawaida. Chakula cha mchana, piza. Mazoezi ya kwaya, chumba cha nane. Alipozima kipaza sauti hakuondoka.

"Bi Verna, ni mama aliyekosea?"

Nikamwambia nitalifuatilia. Nitalifuatilia! Mwoga mkubwa mimi. Anasema mama yake hajalala tangu Jumatatu, akitoka kiwandani anakaa jikoni tu na koti lake.

Alhamisi, 12 Februari

Tolliver kaniletea aya ya kuweka kwenye Barua. "Kama ilivyotangazwa, tarehe ya mwisho ya kurudisha fomu haikubadilishwa na kufungwa kwa shule." Nimeichapa. Nimemrekebishia na nukta. Nimeituma kwa familia mia mbili na kumi na mbili, kwa kidole hiki hiki.

Kama ilivyotangazwa. Sijala kitu leo.

Ijumaa, 13 Februari

Prativa hakuja kusoma matangazo. Nimesoma mwenyewe. Walimu wawili wameniuliza kama nina mafua.

Saa nane mchana kaja Devika na Barua mkononi. Bintiye amekataa kumsomea, akaitupa, akajifungia chumbani. "Nisomee wewe, dada. Sauti yako naielewa."

Ningeweza kusema nina kazi. Nilisoma. Nilisoma chawa, nilisoma pajama, nilisoma glavu, nikivuta muda, na yeye kanisubiri kwa adabu zake zote. Kisha nikafika. Kama ilivyotangazwa. Akanizuia kwa mkono.

"Nani alitangaza?"

Nilikaa kimya. Mungu wangu, nilikaa kimya. Mlango wa Tolliver ulikuwa wazi, namwona ubavuni anaandika.

Devika akaikunja Barua mara nne. "Basi nilisikia vibaya mimi. Lugha yenu, dada, masikio yangu bado." Halafu akaniomba radhi! Kwa usumbufu! Yeye aniombe radhi mimi! Nimeingia chooni nikalia hadi kengele ya kuondoka.

Jumamosi, 14 Februari

Nilichukua nakala ya mkataba jana, nimeusoma wote leo, kurasa arobaini na sita. Miaka kumi na moja naupiga chapa na sijawahi kuusoma. Kifungu cha tisa: bodi inaweza kuongeza nafasi moja juu ya idadi iwapo familia imepoteza nafasi kwa kosa la ofisi, na familia ikate rufaa kabla ya kikao. Hakuna mtoto wa kunyang'anywa. Yule bibi atabaki na mjukuu wake.

Kikao ni Jumanne. Devika hatakata rufaa. Atakata vipi, na anaamini kosa ni la masikio yake? Mimi ndiye niliyemwacha aamini.

Kosa la ofisi. Ofisi ni nani? Ofisi ni mimi na mashine ya kunakili.

Nina miaka sitini na moja. Kazi nyingine sitapata, tusidanganyane. Na kama Tolliver ana haki? Kama ni kweli watatufunga kwa ajili ya neno langu moja? Nimezunguka nalo nyumba nzima. Nimepasi hadi mapazia.

Jumapili, 15 Februari

Misani sikusikia hata neno moja. Nimerudi, nimekaa na simu mbele yangu tangu mchana.

Kila Jumapili saa kumi na mbili jioni narekodi matangazo ya wiki na mashine inawapigia wote. Tolliver kanitumia ya leo: kesho hakuna shule, ni sikukuu. Jumanne kikao cha bodi, maktaba, saa moja jioni. Jumatano ya Majivu kwaya haitakuwepo. Mambo matatu tu.

Nilifikiria kumpigia Devika peke yake. Au niende kwake na maua. Lakini nilimkosea mbele ya watu wote, Barua imeingia kila nyumba, na kila anayejua habari ya Prativa sasa anadhani mama yake hasikii vizuri. Kumnong'oneza radhi jikoni kwake, hapana.

Saa kumi na mbili na dakika tano. Nimevaa miwani. Safari hii nimeyaandika maneno, na nimeyasoma yalivyo:

Kesho hakuna shule. Jumanne kikao cha bodi, maktaba, saa moja. Jumatano hakuna kwaya. Na jambo la nne. Ijumaa ya theluji mimi, Verna Kaczmarek, niliwaambia kwamba kila kitu cha siku hiyo kimehamia Jumatatu. Nilisema hivyo, na sikutaja kwamba fomu hazimo. Barua ya Alhamisi ilisema vingine, na niliyeituma ni mimi. Mama mmoja alifanya vile nilivyomwambia, na mwanawe akapoteza nafasi. Yule mama hakusikia vibaya. Mkataba unampa haki ya kukata rufaa kabla ya kikao cha Jumanne. Mama, kama unanisikia, fomu ya rufaa ninayo. Nitakuja nayo kwako kesho saa nne asubuhi, tuijaze pamoja.

Mashine ikauliza: moja kusikiliza tena, mbili kufuta, tatu kutuma. Nilikaa hapo. Ikauliza tena. Haina haraka mashine hiyo.

Nimebonyeza tatu.

Simu yangu ndiyo imelia kwanza, maana anayerekodi hupigiwa kabla ya wote. Nimejisikiliza hadi mwisho, nimesimama katikati ya jiko. Naongea haraka kuliko nilivyodhani. Sasa inawafikia wengine, kwa alfabeti kama kawaida yake. R inatangulia T, kwa hiyo Devika atakuwa amesikia kabla ya Tolliver.

Inalia. Tolliver.

Sijapokea. Nimeshika kalamu kama mjinga, naandika badala ya kupokea. Imekatika. Inalia tena, Tolliver. Ana haki ya kupiga, masikini, na huenda anapiga akiwa na mkataba mkononi.

Inalia mara ya tatu – na chini ya jina lake limetokea jingine. Rai, nyumbani. Yote mawili kwenye kioo kimoja, nichague mmoja.

Tolliver angoje.