Diski ya Jirani Yetu

Bukavu, tarehe 12 Februari 1995

Mutoto wangu mupendwa Adèle,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Habari ya Kinshasa? Unakula vizuri, ama unaishi na mikate tu? Sisi tuko, tunamushukuru Mungu. Maman yako magoti yanamusumbua kila mvua ikinyesha, na Bukavu unaijua, mvua yake haina likizo.

Ordinateur, ile kompyuta ya komite yetu, imekufa. Usicheke. Maman Georgette wa sekretariati aliifunika kitambaa chake cha kusuka, kama anavyofunika redio na viti vyote vya saluni ya nyumba yake, akaiacha ikiwaka hivyo hivyo mpaka ikanuka moto. Watu wamekuja kutupa pole kama kwenye kilio. Fundi Gérard wa Kadutu ameibeba na anasema haitapona. Basi, tuliyoandika humo yamekwenda nayo, na mengine ni heri yamekwenda.

Sasa nina ombi. Commandant Évariste, jirani yetu wa nyumba ya juu, yule anayeongoza askari wa uwanja wa ndege Kavumu, amenunua ordinateur mupya. Ana diski ya zamani aliyoipata mahali, anataka kuona kilicho ndani. Aliniambia: "Papa Edouard, mutoto yako iko anajua hii kazi. Umuombe anionyeshe njia tu, mimi niko muzito kichwa." Ndiye aliyetupatia gari siku maman yako alipozidiwa, siwezi kumunyima.

Maman Marie-Louise, anayepanda ndege kwa biashara yake, anabeba barua hii wazi kama kawaida. Kumufungia mubebaji barua ni kumuambia kwamba hatumuamini.

Ni mimi papa yako,
Edouard

Kinshasa, tarehe 26 Februari 1995

Papa mupendwa,

Nakusalimu wewe na maman. Mwambie akae na blanketi miguuni na aache ukaidi. Mimi ni muzima, nakula, hata mama mwenye nyumba ananisema nimenenepa.

Nimecheka mpaka machozi kwa kitambaa cha Maman Georgette! Papa, ordinateur inapumua kama mutu. Sasa mwambie Commandant hivi. Azime ordinateur mupya na kutoa waya ya umeme kabla ya kufungua sanduku. Ndani ataona waya mupana unaotoka kwenye diski mupya, una mudomo wa pili ambao haujashika kitu. Hapo ndipo diski ya zamani inaingia. Lakini kwanza, nyuma ya ile ya zamani kuna kipande kidogo sana cha plastiki. Akihamishe kulingana na muchoro uliobandikwa juu yake, ili diski ijue kwamba hapa iko ya pili, siyo bosi. Zikigombania ukubwa hakuna itakayofanya kazi. Akiwasha ataikuta kwa herufi D, na kila kitu ndani yake.

Hata kama mashine yake ilikufa, diski yenyewe mara nyingi iko muzima. Amsalimie madame yake. Anaweza kunilipa kwa sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa, nimewatamani!

Mutoto wako,
Adèle

Bukavu, tarehe 19 Machi 1995

Mutoto wangu Adèle,

Salamu. Tuko wazima, na wewe tunakuombea hivyo.

Barua yako ilifika na Commandant aliichukua yeye mwenyewe. Imefanya kazi. Jumapili baada ya misa alikuja na kreti ya bia, akanikumbatia mbele ya watu. Kisha akasema: "Papa Edouard, vitu vyote nimeona, iko fishie moja tu ya maandishi inanikatalia. Inaomba neno la siri. Jina yake ALPHONSE. Wewe unamujua Alphonse fulani?" Nikamujibu kwamba ma Alphonse wamejaa Kivu yote. Akacheka sana, na mimi nikacheka.

Juzi nilipita kwa fundi Gérard. Mulango umefungwa na majirani hawataki kunijibu.

Siandiki mengi. Najua barua inavyosafiri, na wewe nijibu kwa maneno machache. Kuhusu ile safari ya ziwani nitapanga mwenyewe, polepole. Usali Rozari.

Papa yako,
Edouard

Kinshasa, tarehe 30 Machi 1995

Papa yangu,

Nisamehe, leo sina nguvu ya salamu. Barua hii nimeifunga kwa gundi. Nimemuomba Maman Marie-Louise radhi, alinuna lakini ameipokea.

Ile diski ni ya komite yenu ya haki za watu! Gérard aliiuza ama walimunyang'anya, sijui. Na mimi ndiye niliyewaonyesha mulango. Papa, ulifikiri mashine ikifa maneno yake yanazikwa nayo. Hayazikwi. Humo kuna yote ambayo tantine Cibalonza aliwaambia, jinsi alivyowaona askari wakimuchukua mume wake Alphonse barabarani, na sura alizozitambua. Neno la siri nililiweka mimi likizo ya Noeli, lakini hapa kuna watu wanaolivunja kwa dakika chache, hata huko watampata mumoja.

Usipange polepole. Mutoe tantine kule Katana anakokaa, leo hii, avuke ziwa aende kisiwani Idjwi kwa kaka ya maman. Kisha wewe na maman muondoke pia. Ninaogopa sana, Papa. Nijibu upesi, hata neno moja.

Mutoto wako,
Adèle

Kavumu, tarehe 4 Aprili 1995

Mademoiselle Adèle, mutoto wetu,

Nakusalimu kwa furaha. Natumaini una afya njema na kazi inaendelea. Hapa mvua ni nyingi, ila tumezoea.

Kwanza asante kwa mafundisho. Umeeleza vizuri kuliko mafundi wote wa hapa, wazazi wako wana bahati.

Barua yako ya mwisho ilifika katika mizigo ya Maman Marie-Louise. Katika barua zote alizobeba, ni hiyo peke yake iliyokuwa na gundi. Unajua vijana wangu, wakiona barua ya mukono imefungwa wanajiuliza ina nini. Wameniletea, nimeisoma mara mbili.

Usijisumbue tena na neno la siri. Tulikuwa tunatafuta jina la mutu aliyesema na mahali anapokaa, na wewe umetuandikia vyote. Papa yako nilimukaribisha hapa jana, tukakaa naye mpaka jioni, hakutaja kitu. Ni mutu mugumu, namuheshimu.

Gari limeondoka asubuhi kwenda Katana. Bandarini pia wameambiwa.

Usalimie wote huko.

Ni mimi tonton yako,
Évariste