Bando Langu Lisilokwisha

Jumatatu, 3 Machi

Chapchap, mjukuu wangu, mkono wako ulizaliwa kabla ya akili! Nakuandika humu kwa sababu ukiwa mbele yangu unanichekesha, na mimi nikishacheka nasahau kwamba nimekasirika. Nani alikutuma?

Kaja mchana na boksi limefungwa kwa utepe. Bibi, simu mpya, zawadi yako. Nyembamba kama wembe, inang'aa mpaka nikakiona kidevu changu chote. Nikafurahi, sikatai. Hii ninayotumia betri imevimba kama shavu la mwenye jino bovu. Nimeifunga na lastiki ya kiuno cha gauni isije ikapasuka vipande viwili.

Kisha nikauliza imetoka wapi. Duka la kampuni ya simu. Kwa mkataba. Fomu kashajaza kwa jina langu, kilichobaki ni kidole changu tu. Na mkataba unasemaje? Hajui, karatasi ni ndefu. Msomi huyo! Mimi niliyeishia darasa la nne nikavaa miwani, nikasoma mstari kwa mstari. Ukurasa wa tatu, chini kabisa, kwa herufi za sisimizi: mteja anakubali kuachana na kifurushi chake cha zamani.

Kuachana! Na bando langu! Miaka tisa ninalo. Kampuni ilipokuwa changa, inabembeleza watu barabarani chini ya miavuli, walitupa bando lisilokwisha — unalipia mwezi, unatumia mpaka uchoke wewe. Siku hizi halipatikani hata kwa kulia. Wenzangu wanapimiwa mtandao kama dawa ya kikohozi, kijiko asubuhi, kijiko jioni. Wenye lile bando tumebaki wachache, na kampuni inatungoja tufe au tukosee.

Nimemrudishia boksi lake na utepe wake. Nguo ya kuazima haisitiri matako. Kanuna. Anune.

Jumanne, 4 Machi

Simu imezimika saa nne asubuhi, nikiwa katikati ya kushona mkono wa blauzi ya mteja. Imekubali kuwaka saa sita. Saa mbili nzima dada yangu yuko bila mimi.

Chapchap anasema nang'ang'ania bando kama mtoto na peremende. Hajui anachosema. Dada kanizidi miaka sita. Yeye ndiye aliyeniketisha kwenye cherehani nikiwa miguu haifiki chini vizuri. Mwaka juzi alivunjika nyonga, hajainuka kitandani tangu hapo. Na anakaa safari ya siku mbili kwa basi. Basi kila asubuhi nampigia ya video, naegemeza simu kwenye kopo la vifungo, na haikatwi mpaka jua lizame. Yeye anatumia mtandao wa jirani yake mwalimu, kwake hakuna shida. Kwangu ndiko kunakotaka bando.

Hatuongei sana. Mimi nashona, yeye anatazama dari na kusikiliza. Jana kaniambia sindano yangu butu. Hakuiona — kaisikia! Nikaibadilisha, na kweli ilikuwa butu. Nikamwambia ni uzi tu ulikuwa mbaya. Siwezi kumpa ushindi kila siku.

Leo simu ilipowaka nimemkuta kageukia ukutani. Mwanamke anayemhudumia akaninong'oneza kwamba alikataa chai, akakataa kugeuzwa, alikuwa anauliza tu kwa nini cherehani imenyamaza. Nikamwuliza Dada kama alinikosa. Akasema hata kidogo, alikuwa anapumzika na makelele yangu. Mwongo, na umri ule!

Simu mpya lazima. Bando lazima. Vyote viwili.

Jumatano, 5 Machi

Nimekwenda mwenyewe dukani kwao. Nimevaa gauni la bluu lenye kola, wasije wakaniona wa kudanganywa.

Ukiingia, mashine inakutemea karatasi ya namba. Unakaa kwenye kiti cha plastiki kinachoteleza, nadhani ni makusudi, watu wachoke waende zao. Sikuchoka. Binti wa kaunta ana kucha ndefu kama vijiko, sijui anavyobonyeza kompyuta. Nikamweleza: simu mpya, laini ile ile, bando lile lile. Akatabasamu, akasema kuna kifurushi kizuri zaidi. Nikasema sikuuliza kizuri. Akasema kina kasi. Nikamwambia dada yangu yuko kitandani, kasi ya kwenda wapi? Akamwita mkubwa wake, bwana wa tai, shati limembana kwapani. Kakatiwa vibaya, na nilimwambia. Yeye akasema mfumo hauruhusu. Ukipewa kadi mpya ya laini, mfumo wenyewe unakuhamisha kwenye vifurushi vya sasa. Nikauliza huyo Mfumo anakaa chumba gani nikaongee naye. Watu wa foleni wakacheka. Bwana wa tai hakucheka.

Nimetoka nafura. Mlangoni mlinzi akaniuliza kama nimefanikiwa. Nikamjibu kwamba pindo la suruali yake limefumuka, anaiaibisha kampuni. Nikatoa sindano kwenye mkoba, nikamwambia apandishe mguu kwenye kiti chake, nikamshonea pale pale watu wanapita. Akainama kama anatazama mshono. Kumbe kila siku anawaona wazee wenye lile bando wanaingia nalo wanatoka bila.

"Usisaini kitu, mama, wala usikubali kadi mpya. Tafuta simu kwingine, hamishia kadi yako hiyo hiyo. Hawatajua."

Mwenye akili ni mmoja katika jengo zima, nao wamemweka nje.

Alhamisi, 6 Machi

Chapchap kaacha kununa. Kairudisha ile ya mkataba, kaleta nyingine kutoka kwa fundi simu wa kibandani. Haina fomu, haitaki kidole cha mtu. Nimembariki.

Ila kadi yangu ya miaka tisa ni pana, na simu mpya inataka kidude kama punje ya mahindi. Chapchap akasema fundi simu ana mashine ya kuzikatia, lakini kafunga, kasafiri mpaka Jumamosi, tungoje. Kungoja! Mimi nimekata magauni ya maharusi, suti za mawakili, na sketi ya mama mmoja mwenye nyonga zisizolingana ikamkaa kama kamwagiwa. Nishindwe na kitu kidogo kuliko kifungo?

Nikamwambia Dada nampumzisha nusu saa. Akauliza nafanya nini. Nikasema nabadilisha uzi.

Nimepima kwa tepu, nikachora kwa chaki, nikakata kwa mkasi mdogo. Pembe zimenyooka, safi. Chapchap akajaribu kuiingiza. Haiingii. Akachukua rula. Nimezidisha, na nimezidisha sawasawa pande zote nne. Akanitazama.

"Bibi, umeacha nafasi ya mshono."

Miaka hamsini! Sijawahi kukata kitu bila kuacha nafasi ya mshono, ile ziada ya pembeni ya kupitishia uzi, mkono hauulizi. Nilitaka kumtia kofi, lakini alikuwa chini sakafuni kwa kicheko na mimi siinami upesi.

Tumempigia Dada kwa simu yake Chapchap. Bando lake la kijiko likakata katikati ya neno. Neno lenyewe lilikuwa tusi, kwa hiyo ni nusu hasara.

Ijumaa, 7 Machi

Nimepunguza tena. Imeingia! Simu mpya ikafikiri, ikafikiri, ikaandika hakuna laini. Tukatoa, tukapuliza, tukarudisha. Hakuna laini.

Nikairudisha kwenye simu ya zamani — sasa inaelea humo kama mguu wa mtoto kwenye kiatu cha baba yake. Nikayaokota mabaki niliyoyakata, nikayapanga kuizunguka, nikashikiza kwa utepe wa gundi kama ninavyoshikiza kanvasi, kile kitambaa kigumu cha ndani ya kola. Ikasoma. Kimstari kimoja, viwili. Sijawahi kusali upesi vile.

Dada nikamkuta macho makavu, ananingoja. Tangu jana mchana. Nikamweleza yote, hata nafasi ya mshono. Akacheka mpaka yule mwanamke akaja mbio akidhani amepaliwa. Alipomaliza akasema lile analosema tangu alipovunjika: chumba kipo, cherehani inakaa pale chini ya dirisha, si uje tu. Nami nikamjibu ninalojibu siku zote. Mimi sikai nyumba ya mtu. Na wateja wangu nimwachie nani, yule wa nyuma ya soko anayeshona zipu zikapinda kama upinde?

Akasema sawa. Hiyo sawa yake naijua. Ndiyo aliyosema siku mumewe alipoondoka.

Jumamosi, 8 Machi

Fundi simu karudi. Kaitazama kadi kwa lenzi kama daktari, na kama daktari akanuna kwanza ndipo akasema. Mkasi wangu umepita juu ya ile sehemu ya dhahabu, umeikwaruza. Halafu kadi za zamani ni nene. Ili isome kwenye simu mpya lazima aisugue mgongo kwa msasa. Ikishasuguliwa hairudi kwenye simu ya zamani. Na huenda ikasoma, huenda isisome.

Isiposoma, imekufa. Nitakwenda kuomba kadi mpya kwa wale wa viti vya kuteleza, na Mfumo utalimeza bando.

Nikamwuliza kama naweza kuendelea na simu ya zamani. Akaishika kwa vidole viwili kama panya mfu. Haimalizi wiki, kasema, na isilale tena ndani, itawaka moto. Ndani kuna vitambaa vya watu kumi na wawili!

Chapchap akaanza kulia kwamba yeye ndiye aliyeleta balaa la simu mpya. Nikamwambia anyamaze. Kosa ni langu na mkasi wangu, asiniibie.

Tumepatana na fundi Jumatatu asubuhi. Nimeomba siku moja.

Jumapili, 9 Machi

Nimemwambia Dada. Akauliza kuna nini kwenye cherehani. Gauni la kijani la mama muuza dawa, nikamwambia, nimefika kiunoni.

Akasema nilimalize asikie. Kadi itolewe baadaye.

Basi nimeshona tangu asubuhi. Sijashona Jumapili tangu mwanangu wa mwisho alipoolewa. Dada kafumba macho. Kwenye kwapa kanikemea, nakimbia, nipunguze mwendo. Kwenye zipu kanyamaza, maana zipu zangu hazina dosari na anajua. Kwenye pindo kasema nishone kwa mkono, ili tukae zaidi. Hakusema ili tukae zaidi. Kasema kwa mkono hukaa vizuri zaidi. Lakini miaka yote hii mapindo nashona kwa mashine, na yeye ndiye aliyenifundisha hivyo.

Nilipokuwa nakaribia kufunga fundo la mwisho, kaniita kwa jina la utotoni, Kiroboto. Hajaniita hivyo tangu mama alipokuwa hai.

"Kiroboto, mimi namwombea huyo fundi mkono umteleze."

Nikajifanya nakata uzi kwa meno. Uzi ulikuwa umekatika zamani.

Akaendelea taratibu, macho bado kayafumba. Eti kampuni imenipa dirisha lisilofungwa, nami nimeridhika kusimama dirishani miaka miwili, mlango sijaujaribu. Eti kila jioni nikikata simu yeye anabaki na dari. Nikamwambia aache kusema kama mtu wa redioni. Akasema amemaliza. Nikamwambia alale. Akasema hana usingizi, ila atanyamaza ili nisikasirike.

Mimi nikasirike! Nimevunja sindano mbili leo.

Jumatatu, 10 Machi

Kibandani. Naandika juu ya goti, kwenye stuli ambayo mguu mmoja ni mfupi. Fundi kasugua kadi kwa msasa mpaka nikahisi anasugua meno yangu. Mkono haujamteleza. Nilikuwa nautazama huo mkono, na sijui nilikuwa nataka nini, ndiyo maana naandika badala ya kutazama.

Kadi iko ndani. Simu mpya inawaka, imeandika jina la kampuni, kiduara kinazunguka. Fundi anasema tuipe muda. Chapchap anatafuna kucha. Kiduara bado kinazunguka. Mama muuza dawa kapita kuchukua gauni lake, kalisifia pindo, nikamwambia asilisifie, alilipe.

Bado kinazunguka.

Chapchap, toa kidole mdomoni. Ondoka hapa sasa hivi, nenda stendi, ulize basi la kwa Dada la kesho kutwa linachukua cherehani na meza yake. Kadi isome, isisome, wewe uliza. Sijasema nakwenda. Na wakisema wanachukua, waambie isimamishwe wima, isilazwe hata kidogo, inavuja mafuta.