Kifua Kimoja, Watoto Wawili

Mpenzi wangu Bakari, baba wa watoto wangu,

Nisamehe kwa kukawia hivi. Umekaa huko kwenye meli ya gesi bila habari yangu, na nazijua hasira zako: hupigi kelele, unanyamaza tu unakata kucha. Lakini kila niliposhika kalamu niliogopa barua ikufikie ikisema jambo moja, na huku limeshakuwa jingine. Na mama yako alinikataza. "Usitangaze watoto ambao bado hawajakata shauri," alisema. Leo wamekata shauri, Bakari. Wanakaa! Ndiyo maana unaona mwandiko unakimbia.

Ndiyo, nimesema watoto. Wawili. Wasichana. Unakumbuka siku ile kabla hujapanda meli, ulivyoweka sikio tumboni mwangu ukasema, "Humu kuna watu wawili wanagombea mkeka"? Nikakusukuma kichwa: "Toka, ni pweza niliyemla mchana." Basi umeshinda. Cheka sasa, ucheke ukamalize hukohuko, maana ukifika sitaki kusikia "nilikwambia mie".

Walikuja kabla miezi yao haijatimia. Nilikuwa bandarini Mocímboa, samaki mkononi, bei bado hatujapatana, uchungu ukanikamata. Nikajifungulia hospitali ya hapohapo, wote wawili, wadogo hata naona haya kukwambia udogo wao. Hapakuwa na sanduku la kuwatia joto. Nesi akawalaza watupu kifuani pangu, ngozi kwa ngozi, akanifunga kanga mbili juu yao, tukaingia ambulansi kwenda hospitali kuu ya mkoa, Pemba. "Usifungue mpaka tufike," akaniambia. "Jiko lao ni wewe."

Pale njia panda ya Awasse gari likasimama kungoja malori ya watu wa gesi yapite. Mmoja alikuwa akijinyonganyonga kifuani, mwingine kimya. Nikashika fundo la kanga. Nesi akanipiga mkono, akapenyeza vidole vyake chini, akangoja. Mie sikupumua.

"Yupo," akasema. "Amelala kama mwanaume aliyeshiba wali."

Nikacheka huku nalia. Mwanaume huyo namjua.

Hapa Pemba wakatupokea kwenye chumba cha watoto njiti. Kila mmoja na sanduku lake la kioo, na mpira mwembamba puani wa kupitishia maziwa. Wakawaandika Wa Kwanza na Wa Pili. Nikakataa, wanangu hawako kwenye foleni ya mkate. Mkubwa nimempa jina la mama yangu, Mwanaisha. Mdogo amechukua jina la mama yako, Somoe, na ukali wake pia. Mpira wa maziwa anauchomoa kila akipata nafasi. Dulce, enfermeira anayetuuguza mchana, humwambia, "Senhora Somoe, tulia, hapa si kwako!"

Siku za mwanzo sitakuandikia zote. Ujue tu kwamba Somoe alikuwa akisahau kupumua. Anasahau hivihivi, kama mtu aliyeacha sufuria motoni. Basi unamgonga wayo kwa kidole, taratibu, anakumbuka. Nilijifunza kumgonga mwenyewe. Sasa hasahau tena. Na leo asubuhi amenyonya! Titi lenyewe, Bakari, bila mpira, akameza nikasikia. Nilipiga kigelegele humo humo ndani, wakaniambia nisiamshe watoto wa watu.

Dulce akamtoa kwenye kioo, akamweka kifuani pangu pamoja na dada yake aliyetangulia kutoka. Hapo ndipo taabu ilipoanza. Mwanaisha ameshanenepa kidogo, anajitanua kama mwenye nyumba, na Somoe anateleza pembeni mpaka miguu inakuwa ya baridi. Tukajaribu kushoto, tukajaribu kulia. Dulce akatikisa kichwa.

"Kifua kimoja, watoto wawili," akasema. "Baba yuko wapi?"

"Baharini, kwenye gesi."

Mama Zena wa kitanda cha jirani, ambaye hakujaliwa kunyamaza, akadakia: "Mwambie arudi nchi kavu, gesi yote imehamia matumboni mwa hawa!" Chumba kizima kikaangua kicheko.

Lakini Dulce hakuwa anatania. Somoe asipopata mtu wa kumlaza kifuani peke yake atarudi kwenye kioo, nguvu zake zote zitaishia kutafuta joto, kukua kutasimama. Na kioo chenyewe kina mtoto mwingine anayekingoja. Mama yangu yuko Mtwara, mguu haumruhusu safari. Mama yako ana kikohozi, wanamzuia mlangoni, anatupikia uji na kutuchungulia dirishani. Nilipomweleza kwamba hata baba anaweza kumpa joto, akashika kiuno.

"Mwanaume avue fulana abebe kichanga kifuani? Na kazi ambayo vijana wote wa Mocímboa wanaililia aiache?"

"Mama," nikamwambia, "gesi imekaa chini ya bahari tangu Mungu alipoiumba dunia. Wiki hii haiendi popote."

Akanuna. Basi nikamwinua Somoe mpaka kwenye kioo cha dirisha. Mama yako akamtazama, kanga ameiuma mdomoni.

"Huyu ndiye mimi?"

"Ndiye wewe, mama."

"Mbona amenikunjia uso?" Kisha akageuka kufuta macho. "Mwandikie aje. Mwandikie sasa hivi, kalamu unayo?"

Na joto unalo, Bakari, mie ni shahidi. Miezi ya jua kali nilikuwa nakufukuza kitandani: "Sogea huko, unaniunguza, nenda ukalale na papa!" Nawe unachukua mto unaelekea barazani, unaimba kwa makusudi nisipate usingizi. Halafu ile Julai niliposhikwa na homa ya baridi, ukanikumbatia mpaka kunakucha, mkono wako ukafa ganzi ukawa unaula wali kwa kijiko. Maneno yote niliyokufukuzia nayafuta leo. Rudi na joto lako lote.

Omba folga, wakupe ruhusa ushuke nchi kavu. Usiombe kama mtu aliyekosea, waambie una mtoto asiyeweza kukua bila wewe. Barua hii anakuletea Saidi, yule wa jikoni kwenye meli yenu. Mie nimechoka hata sikumbuki kulala chali kukoje, lakini moyo wangu unarukaruka. Njoo uwaone wanaogombea mkeka.

Mkeo, mama Mwanaisha na mama Somoe

Ukipita nyumbani Mocímboa, ninavyohitaji bado ni hivi. Kanga zangu mbili kuukuu, zimo sandukuni chini ya kitanda. Mpya usilete, zinakwaruza. Kofia mbili za sufu. Soksi, ndogo kuliko zote za dukani, halafu uulize kama hawana ndogo zaidi. Mtama wa uji na karanga, maana anayekamuliwa ni mie. Ile chupa ya chai yenye kifuniko kilichopasuka, bado inatunza moto. Hivyo vyote waweza kumpa mtu akatangulia navyo. Na lile shati lako la mistari, la vifungo mpaka chini, linalofunguka kifua chote. Hilo usimpe mtu. Livae.