Kuhusu Viatu Vyangu vya Kamba

Kibandani kwangu, mkabala na kituo cha basi,
Jumapili, 9 Machi

Mpendwa mdogo wangu,

Pokea salamu kutoka kwetu sote. U hali gani? Shemeji anaendeleaje na mgongo wake? Watoto wanakula, au bado wanachaguachagua kama mama yao? Sisi tupo. Wifi yako mzima, na mdomo wake mzima zaidi.

Baada ya salamu, nautangazia ukoo mzima, wewe ukiwa mwakilishi wake huko mbali, kwamba mimi, fundi viatu, nimeacha rasmi kuvaa viatu vya kamba. Navaa ndara. Wateja wanacheka hadi wanasahau kulalamikia soli zao. Wifi yako anasema, "Mume wangu, hata kinyozi ana nywele!"

Sababu ni kuinama. Nikiinama, moyo unakimbia kama umeiba kitu, kichwa kinagonga, jasho linanitoka chapachapa na uso unapauka. Nilidhani uzee umeingia bila hodi.

Hospitali wakaniagiza nikusanye mkojo wa kutwa kucha. Nikakatiza mtaa na dumu langu, jirani akaniuliza maziwa nauzaje.

Daktari, binti ambaye nina nyundo zinazomzidi umri, alinieleza taratibu. Juu ya kila figo kuna tezi ndogo, imekaa kama kofia. Mbwa akikukimbiza, tezi hizo zinamwaga adrenalini na ndugu zake, jamii nzima inaitwa katekolamini. Moyo unaongeza mbio, mishipa inabana, presha inapanda, unapata miguu ya kukimbilia. Mbwa akienda zake, mwili unatulia.

"Sasa mzee, tezi yako moja imeota uvimbe. Unamwaga hata kama hakuna mbwa."

"Na nikiinama?"

"Unaukamua."

Hapo nilicheka. Tangu hapo sijacheka sana, maana aliuliza kama kuna mwingine kwenye ukoo.

Unakumbuka baba alivyokuwa akipauka akiokota kitu chini, na mama akidai ana hasira za bure? Aliingia kupasuliwa ngiri, jambo dogo, akatuaga huku anamtania nesi. Hakutoka. Miaka yote tumewalaumu madaktari. Binti yule alinisikiliza, akaweka kalamu chini. Akasema uvimbe huu unaweza kurithiwa, na mwenye nao akipewa dawa ya usingizi kabla haujagunduliwa, presha inaweza kumuua palepale mezani.

Nawe umeniandikia kwamba mwezi ujao unatolewa mawe ya nyongo. Chini yake, kwa utani wako, kwamba ukiinama kufua moyo unakwenda mbio na jasho linakuogesha, "labda ndio utu uzima, kaka."

Mdogo wangu, usiipande meza hiyo kabla hujapimwa. Ningepiga simu ungenikatiza kwa kicheko, nakujua. Mpe daktari wako barua hii aisome yote, ndara zikiwemo. Mimi nimeanzishiwa dawa za kulegeza mishipa. Presha ikitulia ndipo wataukata uvimbe.

Msalimie shemeji, wabusu watoto, na Mungu akukinge na kila kinachokunyemelea.

Wifi yako atakwambia kovu la paji langu ni la kuteleza. Ndivyo nilivyomwambia. Sikuteleza. Nilikuwa nafunga kamba ya kiatu cha kushoto, giza likaja, nikaangukia sanduku la misumari. Nilipozinduka nilikaa kwenye kigoda cha baba, mkono kifuani, nikiogopa kama sijawahi kuogopa maishani. Nikatazama huku na huku. Hakukuwa na mbwa, hakukuwa na kitu.

Wako akupendaye, anayengoja majibu ya vipimo vyako kuliko vyake,
Kaka yako