Mlango wa Futi Nne

Suguti, Jumapili

Gody mwanangu,

Huku ni mvua tu. Ile plasta uliyonielekeza imebanduka, na kosa ni langu: nilichota mchanga wa ziwani, sikuuosha. Sasa nachekecha wa mtoni, ndoo tatu kwa moja ya saruji, na ukuta naumwagilia asubuhi na jioni.

Kwenye simu uliuliza kwa nini tumebomoa mlango wa mbele wakati ulikuwa mzima. Usinigombeze mimi, muulize baba yako. Anakaa kwenye kiti na futi mkononi, anapima, anahema, anapima tena. Ujenzi ndiyo kazi yake, hata akiumwa. Anataka futi nne, zisipungue.

Unakumbuka msiba wa babu yako? Jeneza lilikatalia mlangoni, tukavunja ukuta watu wamesimama wanatuangalia. Baba yako anasemaga ukuta wake hauvunji mtu.

Daktari wa Musoma alisema tumrudishe nyumbani, hakuna dawa tena. Hilo nilikuwa nakuficha.

Fremu imeingia jana. Njoo, mwanangu, uupite huo mlango kabla yake.

Mama yako,
Marcelina