Bamba ya Meno ya Mama Mukwe

Kashikishi, siku ya tano mangaribi, 1957

Haikupinda, hii bamba ya juu ya meno ya bandia! Nimeichemsha mu sufuria asubui yote na bado iko sawa, na naona kidole changu upande wa pili kama mu kioo.

Ile niliyotengeneza kwanza, mama mukwe aliimwangia mayi ya moto pamoja na vikombe, namna bamama bote ba huku banaosha vyombo. Bamba ya meno ikajikunja kama ngozi ya samaki ku moto. Muganga wa meno, mukubwa wangu ku kazi, akanikasirikia: "Mwambie aache mayi ya moto!"

Mimi nimwambie? Mama mukwe, mwenye siruhusiwi hata kumutazama uso? Hata kinywa chake, bibi yangu, binti yake, njo alikipima na nta, nyuma ya mulango.

Basi nikageuza plastiki, si mama. Mbele ya kupika nilitia dawa ya pili kidogo mu ile ya kwanza, yenye inafanya plastiki. Ya kwanza peke yake, nyuzi zake zinateleza zikipata moto. Pamoja na ya pili, zinafungana kama wavu.

Lakini labda itapasuka akiuma. Wasiwasi hiyo ilinikosesha bukari, ugali wangu wa muchana.

Leo mangaribi bibi akamupelekea. Nikabaki inje ya lupango, kiwanja cha nyumba yake. Nikatega sikio. Samaki kavu mu meno: kwa! Kisha birika, mayi ya moto yanamwangwa.

Kisha sauti ya mama mukwe, na nguvu, ili inifikie:

"Ambia bwana yako atengeneze na ya chini!"