Darasa la Udongo la Mwalimu Githaiga

Jumatatu, 3 Machi
Msimu wa kupanda. Agroveti, duka langu la pembejeo, imejaa tangu asubuhi, kila mtu anataka mbegu leo leo, kana kwamba mvua imempigia simu. Mzee mmoja amenibishia kuhusu mbolea. Nikamwambia aniletee kwanza udongo wake niushike. Akacheka, ati nimekuwa mganga. Mimi sikucheka. Hayo ni maneno ya Mwalimu Githaiga, na tangu jana sina raha. Karimi, tuliyesoma naye chuo, alinipigia simu. Mwalimu amepigwa na kiharusi. Yuko hospitali hapa Nyeri. Mkono wa kulia umekufa, na hajui mtu.

Jumanne, 4 Machi
Darasa lake la udongo, lile la Alhamisi, limekataa kunitoka kichwani. Masomo mengine chuoni nilipita tu. Hili nililipenda. Wenzangu wakisinzia na joto la mchana, mimi macho kodo.

Siku ya kwanza alituambia kila mtu alete udongo wa kwao kwa mkebe. Tukadhani ni mchezo. Akafumba macho, akautia maji kidogo, akausugua kwa kidole gumba mpaka ukajinyoosha kama utepe. Akataja kwao mtu ni wapi, akaurudisha mkebeni. Mmoja baada ya mwingine. Alipofika kwangu: "Kutus, upande wa chini. Kwenu maji hulala shambani." Haki nilisahau kuupokea mkebe. Baba tulikuwa tumemzika majuzi tu, na pale chuoni hakuna aliyewahi kuniuliza kwetu ni wapi.

Kisha zamu yetu kusugua, naye akiuliza: "Mkono wako unasemaje?" Ukimjibu ya kitabuni, anakupita kama hakukusikia.

Alhamisi, 6 Machi
Nimeenda kumwona. Amenitazama kama anayetazama ukuta. Mkewe, Mama Njoki, humlisha uji kwa kijiko. Tangu aanguke hajatamka neno, hata jina lake huyu mama. Na shamba la Karatina wamelilima wawili tangu waoane.

Nimelia chooni. Nikajiambia ni upuzi, mimi si mtoto wake. Bado nikalia.

Jumamosi, 8 Machi
Kaka yangu amenitumia udongo wa nyumbani. Nimeuingiza wodini ndani ya mkebe wa kakao, nesi asione. Nikamwekea kidogo kwa mkono ulio mzima. Kidole gumba kikaanza kwenda. Polepole.

"Kutus."

Wazi kabisa! Kisha akafungua mkono, udongo ukamwagika kwa shuka. Karibu nipige kelele. Ndipo nikamwona Mama Njoki, kijiko hewani. Neno la kwanza baada ya kimya chote hicho, na ni la kwetu, si lake. Akatoka. Nikamfuata hadi nje, nikamwambia, "Mama, pole."

"Pole ya nini, mwanangu? Si umemfanya aongee."

Hakunitazama akisema hivyo. Ai, heri ningekaa dukani. Najiona mwizi.

Jumapili, 9 Machi
Sikuenda kanisani. Nimeenda Karatina kwa Mama Njoki kumwomba ampelekee Mwalimu udongo wake mwenyewe, wa shamba lao. Amekataa. "Na akinyamaza hata na huo?" Hofu yake ndiyo yangu pia. Nikiwa langoni niligeuka, nikamwona ameinama kando ya migomba, anachota udongo kwa leso.

Jumatatu, 10 Machi
Mama Njoki amenipigia simu mchana. Alimwekea udongo mkononi. Mwalimu hakusema kitu. Alifunga ngumi tu. Nesi alipokuja kumnawisha, akakataa kuifungua. Mtu asiyeweza hata kukaa peke yake, na nesi akashindwa.

"Amekataa kuongea na mimi," Mama Njoki akasema. Akakata simu. Nimemuuzia mtu dawa ya kupe badala ya dawa ya viwavi. Amerudi akinitukana. Ana haki.

Jumatano, 12 Machi
Mwalimu amefariki alfajiri.

Ngumi bado imefungwa, Karimi amesema. Mama Njoki amewakataza watu wa mochari kuosha huo mkono. Walimbishia, akawashinda. Nimefunga duka. Nina uchungu na sina wa kumwambia, kwa hivyo naandika.

Jumatano, 19 Machi
Tumemzika Karatina, chini ya migomba. Watu wengi. Pasta alisema alikuwa mtu wa Mungu na mpenda kilimo. Sawa. Karimi aliimba, sauti ikamkatikia katikati.

Tulipanga foleni ya kutia udongo kaburini. Kidole changu kikaanza kusugua chenyewe. Mfinyanzi mwekundu, unashikana vizuri. Nikajibu lile swali lake kwa sauti ndogo, halafu nikatupa.

Mama Njoki hakutupa. Alisimama tu na konzi yake ya udongo. Pasta akakohoa, watu wakaanza kutazamana. Nikamsogelea, nikamwambia sikioni, "Mama, darasani udongo wa watu aliutaja, akaurudisha. Hata wangu pale wodini aliumwaga. Wako hakuuachilia."

Akanitazama. Mara ya kwanza tangu ile Jumamosi. Akaniuliza kama ni kweli, nikasema ni kweli. Akalia kwa sauti, watoto wake wakamshika. Kisha akafungua mkono.

Mvua ilitukuta tukitoka. Nimefika nyumbani Gatitu nimelowa viatu. Nimepika chai, nimekunywa. Mikono sijanawa.